Dakika Kumi Kabla ya Vumbi

Saa nane mchana zamu zilikuwa zikibadilishana kwenye geti la kiwanda cha saruji. Wanaume mia mbili wanatoka, mia mbili wanaingia, baiskeli zinagongana, wauza maji wanapiga kelele, na katikati ya msukosuko huo akasimama mwanamke mmoja na beseni kichwani. Hakuwa anatoka wala kuingia. Alikuja kugombana.

Alivaa gauni la maua ya zambarau lililopauka kwa jua, mikono ameikunja juu ya viwiko, na kilemba cha rangi ya embe bivu kilichoanza kulegea kwa hasira. Akatua beseni chini, akachomoa koti la nesi. Asubuhi ile lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya ukuta usiopakwa chokaa.

"Nani amefungua?" akamuuliza mlinzi.

"Amefungua nini, dada?"

"Usiniite dada. Nani amefungua bomba lenu saa sita mchana nguo za watu ziko kambani? Makoti ishirini na manne! Ya zahanati nzima! Kesho manesi wavae nini, mifuko ya saruji?"

Watu wakaangua kicheko. Mlinzi naye alicheka mpaka kofia ikamwangukia puani. "Dada yangu, vumbi ni la Mungu."

"Mungu hana bomba la moshi. Niitie meneja."

"Ni mimi niliyefungua."

Sauti ilitoka nyuma ya mlinzi. Kijana mrefu, mwembamba, ndani ya ovaroli ya bluu, amepauka mwili mzima kwa vumbi isipokuwa masikio. Masikio yalikuwa safi na meusi yanang'aa, kwa kuwa hufunikwa kutwa nzima yasiumizwe na kelele za mitambo. Alionekana kama mtu aliyeazima masikio kwa jirani.

"Nakaa chumba cha mitambo," akaendelea. "Mkono wenyewe ni huu."

Dobi, ndivyo mtaa ulivyomwita, alikuwa amejiandaa kubishana na mtu anayekana. Hakujiandaa kwa mtu anayekiri. Akamtazama toka juu mpaka chini, kisha akambandika koti lile kifuani.

"Basi mkono huohuo utafua."

"Mdogo wangu!" Sauti nzito ikapaa kutoka kundini. Alikuwa kaka yake, mpakiaji wa malori ambaye kiwanda kizima kilimwita Winchi kwa sababu hubeba mifuko miwili kwa mpigo. "Siku hizi unakiri hata kabla hujapigwa?"

Fundi, yule kijana wa mitambo, alikuwa ameshainama kulichukua beseni.

Jioni alikuja kweli, ameoga, shati la mistari limenyooka, viatu mkononi maana ua wa Dobi ulijaa maji. Ilikuwa nyumba ya kupanga, vyumba viwili mwishoni mwa safu, na ua wenye kamba sita. Nyuma ya ukuta wa ua, umbali wa kutupa jiwe, ndipo bomba lilipopanda juu.

"Hujawahi kufua wewe," Dobi alisema baada ya koti la tatu.

"Nimewahi."

"Umewahi kulowesha. Sugua kola, acha kifua. Kola ndiyo inayomsema mtu."

"Kola!" akarudia mtoto wake aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa wa miaka miwili na nusu, wakamwita Kijino kwa sababu jino lake moja la mbele lilimpandia mwenzake. Baba yake alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Kijino alipocheka, kifua chake kilitoa mlio mwembamba, kama filimbi inayopulizwa chumba cha pili.

Fundi akaacha kusugua. "Kifua hicho tangu lini?"

"Tangu tuhamie hapa. Zahanati kuna mashine ya mvuke. Manesi wamemzoea mpaka wanamwita mfanyakazi mwenzao."

"Kwa nini usihame?"

"Niende wapi? Kwenye hewa safi nani atanipa nguo? Zinachafukia hapa."

Wakacheka wote wawili, kisha kila mmoja akaona haya kwa kicheko chake.

Ndipo Fundi akamweleza. Kuna mifuko ya kuchuja vumbi, mikubwa kama suruali za majitu, nayo imechakaa. Ikiziba, ama uzime tanuri, na kuliwasha tena ni siku tatu, ama ufungue mlango wa pembeni vumbi litoke kama lilivyo. Meneja hupiga simu: fungua. Naye hufungua.

"Na mnaandika?"

"Tunaandika tunachoambiwa tuandike."

Dobi alikamua koti, akalitikisa mara moja, maji yakamrukia Fundi usoni. "Meneja akishakupigia, unafungua papo hapo?"

"Napata dakika kumi za kuandaa mitambo."

"Zinatosha. Kamba sita naanua kwa dakika saba."

"Na tatu zinazobaki?" akauliza, akitabasamu.

"Za kumfungia mtoto ndani."

Tabasamu likamfia mdomoni. Akafuta mkono kwenye suruali, akatoa simu yake. "Nipe namba."

Simu ya kwanza ilikuwa ya neno moja: "Anua." Ya pili ilikuwa "Anua, dada." Kufikia wiki ya tatu yalikuwa mengine.

"Haloo?"

"Anua, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Hapa ni kwa Dobi."

"Mpenzi wa Dobi basi. Anua, saa inakwenda."

"Sema kwanza kama umekula."

"Mama Kijino! Nina dakika kumi na unaniuliza chakula?"

"Hata mimi nina kumi, na nimeamua kukuuliza."

"Sijala."

"Utakula hapa. Haya, kata, nina mashuka ya watu."

Mtaa ukagundua. Hakuna aliyeambiwa na hakuna aliyeuliza, ila wanawake waliona kwamba Dobi akianza kuanua kwa kasi, hata jua likiwa kali, hazipiti dakika nyingi anga linageuka kijivu. Basi naye akianua, mtaa mzima unaanua. Madirisha yanafungwa, ndoo za maji zinafunikwa, watoto wanaitwa kwa majina yao yote mawili. Vumbi likishapita, milango inafunguka tena na maisha yanaendelea.

"Una pua ya namna gani wewe?" jirani yake alimwambia. "Unanusa vumbi likiwa bado jikoni!"

Dobi alicheka tu, akaficha simu kwenye mkunjo wa gauni.

Siku za mapumziko Fundi alikuja na shati la mistari, akapiga pasi pamoja naye, akaunguza mto mmoja wa watu, akafukuzwa, akarudi. Kijino alimpanda mabegani. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kwa Dobi yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Na bado mapenzi yao hayakutulia. Mlipuko wa machimbo ya mawe ya kiwanda ukisikika, Dobi hushtuka. Upepo ukigeuka, Fundi hunyamaza katikati ya sentensi, akanyanyua kichwa kutazama juu.

"Tuoane," akasema siku moja, pasi ikiwa mkononi.

"Ukinioa, vumbi utaliacha getini au utaniletea nyumbani?"

"Nitaliacha getini."

"Mwongo. Liko hata kwenye kope zako." Akamfuta kope kwa kidole gumba, taratibu. Kisha sauti ikabadilika. "Nakupenda, Fundi, Mungu anajua. Lakini nitamleaje huyu mtoto mikononi mwa mtu anayeufungua mlango ule?"

Fundi akazima pasi, akaenda zake.

Dobi alikuwa akisoma masomo ya jioni, na mwalimu aliwafundisha kuchora jedwali: tarehe, saa, tukio. Kila mwanafunzi alitakiwa ajaze mambo ya nyumbani kwake. Dobi alikuwa na jambo moja tu lenye saa. Akaandika. Kila simu ilipoingia aliandika saa yake, na pembeni, kama siku hiyo Kijino alipelekwa kwenye mvuke, akatia alama. Miezi miwili baadaye alikuwa na mistari thelathini na mmoja.

Nesi wa zamu aliliona daftari siku Kijino alipobanwa tena. Akalisoma, akavuta kiti, akalisoma upya.

"Vumbi lilitoka siku zote hizi? Na saa umeandika?"

"Ni kazi ya darasani tu, nesi."

"Hii ni dawa kuliko dawa zote nilizonazo kabatini. Nikubalie nimpelekee afisa wa mazingira nakala."

Dobi alifikiri kidogo. Jina la Fundi halimo. Namba yake haimo. Akamtazama mtoto akivuta mvuke na barakoa iliyomfunika uso mzima. "Peleka," akasema. Alikusudia kumwambia Fundi Jumapili. Jambo moja tu hakulifikiria: kwenye safu ya saa aliandika saa ya simu, wala si saa ya vumbi.

Ijumaa nakala, iliyotumwa na afisa ili kiwanda kijibu, ilikuwa juu ya meza ya meneja.

Meneja hakuwa mtu wa kelele. Aliingia chumba cha mitambo na kikombe cha chai, akasoma mistari ile pole pole, akiilinganisha na kumbukumbu zake. "Ajabu," akasema. "Dobi wa nyuma ya ukuta anajua dakika kumi kabla." Akawatazama watu watatu wa zamu, mmoja mmoja. "Kuanzia leo simu zinabaki getini."

Fundi aliichungulia nakala mkononi mwa meneja. Saa zote thelathini na moja, zimepangwa kwa mwandiko mzuri aliouzoea kwenye orodha za mashuka. Kumbe alipokuwa akimwita mpenzi, yeye alikuwa akiandika.

Jumamosi saa nne asubuhi amri ilikuja. Fungua. Simu yake ilikuwa kwenye sanduku la mlinzi.

Dobi alikuwa anatundika mashuka. Kijino alikuwa chini ya kamba, anajificha na kujitokeza, "Mama, siko!" Kisha mwanga ukapungua. Dobi akageuka, akaliona wingu limeshavuka ukuta. Alitupa shuka, akamkumbatia mtoto, lakini mlango ulikuwa mbali na vumbi lilikuwa karibu. Mtaani kote wanawake walikuwa wakipiga kelele, kwa kuwa wote waliitazama kamba ya Dobi, na Dobi hakuanua.

Kijino alilazwa siku mbili.

Jioni ya siku ya kwanza Dobi alipiga simu akiwa kwenye ngazi za zahanati, vumbi bado liko kwenye nywele zake.

"Mbona hukupiga?"

"Na wewe mbona uliandika?"

"Nimekuuliza, mbona hukupiga? Mtoto yuko na mpira puani!"

Sauti ya Fundi ikashuka: "Anaendeleaje?"

"Usimuulize. Ulijua, ukakaa kimya."

"Simu zimekatazwa kwa sababu ya daftari lako! Nilikupa siri yangu, ukaifanya ushahidi. Uniuze kwa nani tena?"

"Nikuuze? Jina lako halimo!"

"Dakika kumi zimo! Jina gani zaidi ya hilo?"

Dobi hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. "Endelea kufungua," akasema. "Mkono ni wako." Akakata.

Juma lililofuata afisa wa mazingira akaitisha kikao ukumbi wa mtaa. Viti vilijaa, watu wakasimama madirishani. Wapakiaji walikaa upande mmoja, Winchi mbele yao amekunja mikono. Dobi alipoingia na gauni la kijivu lililopigwa pasi mpaka likakata, mke wa mpakiaji mmoja akamrushia neno:

"Kiwanda kikifungwa, watoto wetu utawalisha povu?"

Dobi akapita mbele yao. Nusu ya nguo alizofua zilikuwa za wanaume wale. Alijua kila kola.

Fundi alikaa karibu na meneja, kitabu cha zamu mapajani. Asubuhi ile meneja alikuwa amemwita ofisini, akafunga mlango. "Najua kuna aliyepiga simu," alimwambia. "Simtafuti. Wewe soma tu saa zilizomo kitabuni, basi. Kazi yako ipo."

Meneja akasimama, sauti laini. "Mheshimiwa afisa, kwa miezi miwili sisi tumefungua mara nne, za dharura. Huyu mama ameandika thelathini na moja. Tuzitazame hizo nne tu. Fundi, soma."

"Tarehe tatu," Fundi akasoma. "Saa nne kamili."

"Dobi ameandika saa ngapi?"

Afisa, mama mwenye miwani na sauti ya ualimu, akatazama nakala. "Saa nne kasoro dakika kumi."

"Tarehe kumi na moja. Saa nane na nusu."

"Saa nane na dakika ishirini."

Ya tatu vilevile. Ya nne vilevile. Meneja akatandaza mikono. "Vumbi lake linaanguka kabla letu halijatoka. Huyu ni dobi au mganga?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Afisa akagonga meza. "Mama, eleza. Ulijuaje saa ya vumbi kabla ya vumbi?"

Hapo ndipo Dobi alipoelewa. Dakika kumi. Kwa neno moja angeweza kuwaziba midomo wote: nilipigiwa. Na swali la pili lingekuwa, nani? Alimtazama Fundi kwa mara ya kwanza tangu aingie. Aliyaona masikio yale safi. Akamkumbuka mama yake Fundi anayelishwa na mshahara ule, akamkumbuka Kijino, na moyo wake ukavutwa huku na huku mpaka akahisi unachanika.

"Labda nilikosea saa," akasema. "Saa yangu ya ukutani ni mbovu."

"Zote thelathini na moja?"

"Mimi si msomi, mheshimiwa. Ninajifunza."

"Mwongo!" mtu akapiga kelele. Nesi akainamisha kichwa. Dobi alisimama palepale, ameshika kingo za gauni, machozi yamefika yakakatazwa kushuka.

Fundi alikuwa ameamini kwamba mwanamke huyu amemuuza. Sasa alimwona akijiuza mwenyewe mbele ya mtaa mzima, kwa bei ya aibu, ili yeye abaki na kazi yake. Alifunga kitabu.

"Saa yake si mbovu," akasema.

"Fundi, kaa," meneja akasema bila kugeuka.

"Ameandika saa ya simu. Nilikuwa nampigia mimi, dakika kumi kabla ya kufungua, aanue nguo, amfungie mtoto ndani. Na si mara nne. Ni thelathini na moja, kama alivyoandika. Thelathini na mbili na ile ya Jumamosi. Zote nilifungua mimi, na hizo nyingine niliambiwa nisiziandike, nami sikuziandika."

Winchi aliinuka nusu, akamwangalia mdogo wake kama anayemwona akiruka kutoka ghorofani, akakaa tena.

Afisa akavua miwani. "Unajua unachokisema kitakufanya nini?"

"Najua. Andika."

Nje, kwenye jua, Dobi alimkuta Fundi ameegemea ukuta.

"Mjinga wewe," akamwambia. "Nilikuwa nimeshakuokoa."

"Niliona. Ndiyo maana sikuweza kukaa."

"Ulisema nimekuuza."

"Nilisema. Nisamehe."

"Na mimi nilisema endelea kufungua." Akamfuta shavu kwa ncha ya kilemba, ijapokuwa leo hakukuwa na vumbi. "Kijino anakuulizia. Kila simu ikilia anasema ni wewe."

Barua ya kumfukuza Fundi ilifika keshoye. Kwa amri ya afisa tanuri likazimwa mpaka mifuko ya kuchuja ibadilishwe, na mtaa ukaingia katika majuma ambayo hakuna aliyejua ayaite ya heri au ya shari. Majani ya miti yalionekana kumbe ni ya kijani. Kijino alilala usiku kucha bila filimbi. Na duka la jirani likafungwa, wanaume wakakaa vibarazani mikono mapajani, na kamba za Dobi zikabaki tupu, kwa kuwa asiyekwenda kazini hachafui shati. Wengine walivuka barabara wasimsalimie. Siku nyingine Dobi mwenyewe alijikuta anatazama bomba, hajui anaomba litoe moshi au lisitoe.

Juma la tano, Jumapili asubuhi, mtu akapiga hodi kwa sauti nzito. Alikuwa Winchi, ndani ya koti lililombana mabega.

"Karibu, shemeji," Dobi akasema, akimvutia benchi.

"Usiniite shemeji. Nimekuja na hasira zangu, ngoja nizimalize kwanza." Akakaa kwenye benchi, likalia. "Juma la tano sijanyanyua mfuko. Mgongo umepona, linaloniuma ni tumbo. Watu wananiuliza, ndugu yako amelogwa na dobi? Nawajibu, hakulogwa, alifuliwa."

Dobi alibana mdomo asicheke.

"Sijakusameheni," Winchi akaendelea. "Wewe wala yeye. Lakini mama amenituma kuposa, na kaka wa kusema posa ni mimi. Angekuwa na mwingine nisingekuja."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Nyuma ya ukuta. Anaogopa nitaharibu."

"Umeshaharibu!" sauti ikajibu kutoka nje, na Fundi akaingia, shati la mistari, viatu miguuni, Kijino ameshamrukia kabla hajafika katikati ya ua.

"Jumatatu wanawasha tanuri," akamwambia Dobi. "Mifuko mipya nimeiona. Nusu. Nusu nyingine iko njiani."

"Kwa hiyo vumbi litakuwa nusu."

"Huenda. Na mimi sitakuwemo ndani kujua." Akashusha pumzi. "Nimepata kazi ya kutengeneza pampu za maji, upande wa pili wa kilima, kule upepo unakotoka. Kuna chumba na ua. Nguo zitachafukia huku, wewe utafulia kule."

Dobi akatazama safu ya nyumba, madirisha, ndoo, jirani yake aliyejifanya anafagia ilhali anasikiliza. "Na hawa? Niende na mtoto wangu nikavute hewa, wao niwaache kimya, bila mtu wa kuwaonya?"

"Kimya cha nani?" Winchi akanguruma. "Na mimi nina watoto huku. Wapakiaji tumemwambia meneja: mlango ule ukifunguliwa bila watu kuambiwa, hakuna mfuko utakaopanda lori. Njaa tumeshaijua, haitutishi tena." Akasimama, akavuta koti lake. "Sasa nijibu, mama anangoja. Unamtaka au humtaki?"

Fundi alikuwa amemshika Kijino vibaya, kichwa chini miguu juu, na hakuwa na habari.

"Mwambie mama," Dobi akasema, akimpokonya mtoto na kumgeuza, "ua nitakwenda kuukagua mwenyewe. Mume nimeshamkagua."